Libero wa Kasha

Uwanjani Camille Birindwa alikuwa na sauti kubwa. Nje ya uwanja hakuwa na sauti kabisa. Watu wa Kasha, kule juu Bagira mjini Bukavu, walizoea kumwona akiteremka na mfuko wa viatu begani, akiitikia salamu kwa kichwa tu. Lakini Jumapili mchana, hata ukikaa upande wa mbali kabisa wa uwanja wa Kadutu, ulimsikia: "Toka! Toka yote!" Mabeki waliokuwa mbele yake walipanda kwa pamoja, na mshambuliaji wa timu nyingine alibaki nyuma yao, ameotea, mikono kiunoni.

Alicheza libero. Zama zile timu za Bukavu bado zilimweka mtu mmoja nyuma ya mabeki wote, asiye na wa kumkaba, kazi yake kusafisha kila kilichowapita wenzake. Nyuma yake ni golikipa, basi. Mshambuliaji akikosa bao, watu hucheka na kusahau kabla ya mapumziko. Libero akikosa mpira mmoja, atausikia wiki nzima sokoni. Camille aliipenda nafasi hiyo tangu alipokuwa akicheza kwenye kiwanja cha parokia. Alikuwa mtoto pekee wa mjane, maman Monique, muuza sombe, yale majani ya muhogo, na huenda alikuwa amezoea tangu zamani kusimama mahali ambapo hapana mtu wa pembeni.

Mwaka 1994 timu ya Bagira iliyoitwa Tujenge ilimpa mkataba. Akaacha kupakua magunia bandarini, na tangu siku hiyo mpira ukawa ndiyo kazi yake. Golikipa wa Tujenge alikuwa Raphaël Mushagalusa, mtu wa maneno na mizaha, anayeimba hata anapofunga kamba za viatu, aliyeoa mapema mwanamke mpole aitwaye Yolande. Wawili hao hawakufanana kwa lolote. Ila uwanjani walikuwa na jambo lao: Raphaël akisema "Niko," Camille aliuacha mpira upite bila hata kugeuza kichwa. Haikutokea hata mara moja Raphaël aseme yuko, kumbe hayuko.

Mwezi wa kumi mwaka 1996 klabu moja kubwa ya Kinshasa ilimwandikia Camille aende kujaribiwa. Tiketi ya ndege ililetwa nyumbani na katibu wa timu, ndani ya bahasha ya kaki. Angeondoka Jumamosi, kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu. Maman Monique alimfulia mashati mawili na kuyapiga pasi ya makaa. Wiki hiyohiyo vita ikaingia Bukavu. Jumamosi ilipofika hakuna ndege iliyomchukua. Alikuwa barabarani katikati ya maelfu ya watu, godoro kichwani, mama yake akimfuata na sufuria.

Raphaël na Yolande walikuwa pamoja nao. Walipita kijiji cha Miti, wakaingia msitu wa Kahuzi, wakalala chini ya majani yenye maji. Siku ya nne maman Monique alianza kuhara, na siku ya tano miguu ikakataa. Camille alimbeba mpaka mgongo ukafa ganzi. Raphaël akasema, "Lete," akampokea. Ni Raphaël aliyembeba siku ya mwisho kabla ya Bunyakiri, akimwimbia polepole wimbo wa Misa, na ni yeye aliyesikia kwanza kwamba mikono iliyomshika shingoni imelegea. Aliendelea kuimba mpaka walipofika penye nyumba, akamlaza chini ya paa la watu, ndipo akamtazama rafiki yake. Walimzika mama nyuma ya kanisa dogo kwa jembe la kuazima, wakipokezana kuchimba.

Waliporudi Bukavu kabla ya Noeli, wachezaji kumi na wanane wa Tujenge walikuwa wamebaki tisa. Wengine walifia msituni, wengine walivaa nguo za askari, wengine hawakujulikana walipo. Tiketi ya Kinshasa ilikuwa imeoza mfukoni, na katibu aliyeileta hakuonekana tena. Miaka miwili baadaye vita ya pili ilikata nchi vipande viwili, na Kinshasa ikawa kama iko ng'ambo ya bahari. Waasi walitawala Bukavu. Timu za mji zilicheza zenyewe kwa zenyewe, timu zilezile, sura zilezile. Camille alikuwa nahodha, miaka ishirini na sita, na waliojua mpira walisema hajawahi kucheza vizuri kama miaka ile ambayo hapakuwa na mtu wa kumwona.

Ndipo alipompata Christine. Huyu alikuwa katibu katika ofisi moja ya kanisa, binti wa mwalimu wa chuo, papa Jean-Baptiste. Binamu zake walimburuta uwanjani siku moja, na mchezo ulipokwisha alimngojea Camille kwenye lango bila aibu.

"Wewe unafanya nini kule nyuma?" alimuuliza. "Benzako bote beko mbele, wewe uko peke yako."

"Niko naangalia."

"Unaangalia nini?"

Camille alifikiri kwanza, kama alivyofanya kwa kila swali. "Vile benzangu habaone."

Christine alicheka, lakini alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine tena. Baada ya mwaka, wazee wawili wa Kasha walitumwa kwa papa Jean-Baptiste kuanza mazungumzo ya mahari, na mbuzi wa kwanza wakapokelewa. Camille alianza kujenga chumba cha pili kwenye nyumba ya mama yake. Kwa mara ya kwanza tangu Bunyakiri alisikika akipiga mluzi.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka 2000 Raphaël alikamatwa. Alikuwa akitoka Bunyakiri na madumu ya mawese, biashara aliyoianza timu iliposhindwa kulipa mishahara. Askari wa kizuizini walisema amewapelekea barua mai-mai, wapiganaji wa msituni waliowapinga waasi. Walimwingiza garini mbele ya watu. Yolande alizunguka ofisi hadi ofisi na sufuria ya ugali, na kila mahali aliambiwa, "Hayuko hapa." Siku ya nne mlinzi mmoja alipokea sufuria. Hapo alijua mumewe yu hai, na yu ndani.

Wiki hiyohiyo makanisa na vyama vya raia, papa Jean-Baptiste akiwa mmoja wa waandishi wao, waliwaomba watu wa mji wabaki nyumbani Jumatatu yote: duka lisifunguliwe, gari lisitembee, mtoto asiende shule. Wakubwa wa waasi nao wakatangaza redioni kwamba Jumatatu saa kumi Tujenge itacheza na timu ya askari, ili kila mtu aone kwamba mji unaishi. Wachezaji hawakuhitaji kikao. Hakuna aliyefikiria kwenda.

Jumamosi asubuhi jeep ilisimama mbele ya nyumba ya Camille. Walimpeleka kwenye nyumba moja ya mtaa wa Nguba iliyotazama ziwa. Kamanda alikuwa mtu mnene kidogo, mwenye miwani, aliyempa kiti na Fanta na kumwambia kwamba amemtazama akicheza mara sita.

"Libero kama wewe nilikuwa sijaona," alisema. "Gardien wenu, ule Raphaël, naye ni muzuri. Iko kwangu."

Camille hakuigusa Fanta.

"Jumatatu munacheza," kamanda aliendelea. "Batu kumi na moja, na maillot za timu. Mukimaliza, gardien anaenda kwake na miguu yake."

"Na tusipocheza?"

Kamanda alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Basi anabaki kwangu, na mimi sitajua tena habari yake. Na kitu kimoja, capitaine. Nikisikia mutu hata moja, hata muchumba yako, anasema eti nilibadilisha mufungwa na match, namurudisha gardien ndani. Yeye na mama ya batoto yake. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alirudi Bagira kwa miguu. Njiani kote, baadaye alisema, hakuwaza juu ya mji wala juu ya vita. Alikuwa anauhisi mgongoni uzito wa mama yake wakati ulipoondolewa na Raphaël.

Jumamosi hiyo na Jumapili baada ya Misa alipita nyumba kwa nyumba. Kocha, muzee Jean-Marie, alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha ndani. "Ukienda kule," alisema, "usiniite tena muzee yako." Wawili walimfungia mlango. Steve, beki wa kushoto aliyecheza naye miaka mitano, alimtazama usoni kwa muda mrefu.

"Capitaine, juu ya nini?"

"Siwezi kusema, Steve."

"Kuna kitu bale banakupa?"

"Hapana."

Steve alitema mate pembeni. "Sawa. Nitakuja juu yako. Na bengine batakuja juu yako. Lakini uelewe, vyote vitakuwa juu yako."

Jumatatu mji ulinyamaza. Camille aliwahi kuona Bukavu imekimbiwa, lakini hii haikuwa hivyo. Watu walikuwamo, nyuma ya madirisha, na aliwahisi wakimtazama yeye na wenzake kumi wakishuka kuelekea Kadutu, hatua zao zikisikika kwenye lami. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo kwenye ua alizitupa ndani ya beseni na kuingia nyumbani. Hakuna aliyewatukana. Walitamani matusi.

Uwanja ulikuwa mtupu, isipokuwa askari waliopangwa upande mmoja na kamanda kwenye kiti cha plastiki. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na majukwaa ya saruji yaling'aa. Camille alikuwa ameamua moyoni kuwaachia askari bao moja au mawili, mambo yaishe kwa usalama. Filimbi ikapigwa. Akapaza sauti, "Toka!" na sauti ile ikaenda mpaka ng'ambo, ikagonga saruji tupu, ikamrudia. Alishtuka. Miaka yote alikuwa hajaisikia sauti yake mwenyewe.

Golini alisimama golikipa wa akiba, mtu mwema lakini bubu kabisa akiwa kazini. Kila mpira ulipopita juu, Camille alisikiliza nyuma yake, hakusikia kitu, akaufuata mwenyewe. Dakika ya thelathini mshambuliaji wa askari alibaki naye peke yake. Hii ndiyo nafasi ya kumwacha apite, aliwaza. Mguu wake ukakataa. Ukaenda wenyewe, ukauchomoa mpira safi bila kumgusa mtu, ukautuma kwa Steve. Ikawa hivyo mchezo mzima. Hakuna bao lililoingia upande wowote, na mwisho kamanda aliinuka akapiga makofi, mtu mmoja tu, pa, pa, pa, katika uwanja wote ule.

"Hata moja hukuniachia," alimwambia. Kisha akaondoka.

Raphaël aliachiwa jioni hiyo. Camille alisikia habari hiyo kesho yake kutoka kwa jirani, na alisikia pia kwamba hayupo tena mjini; ameondoka alfajiri, ndani ya lori la makaa, kuelekea Uvira, akavuke ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Hakuja kuaga. Hakuacha neno. Camille alikaa kwenye kitanda cha chumba cha pili ambacho hakikuwa bado na dirisha, akijiuliza kama Raphaël anajua kwa nini ameachiwa, au kama amesikia tu kwamba nahodha wake alicheza siku ile, akaona aibu kumpa mkono.

Mchana Christine alikuja. Hakukaa.

"Niambie ni uongo," alisema. "Niambie walikukokota na bunduki."

"Hapakuwa na bunduki."

"Basi sema ni nini. Camille, mimi naweza kuelewa kila kitu. Sema tu."

Alimtazama. Alijua kwamba sentensi moja tu ingetosha. Alijua pia kwamba Yolande bado yuko Bagira na watoto wawili, na kwamba papa Jean-Baptiste ni mtu asiyeweza kunyamazia uovu wa wakubwa. Ndiyo kazi yake.

"Nilicheza," alisema. "Ile ni kazi yangu."

Christine alifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akaenda. Wiki iliyofuata wazee wa Kasha waliwarudisha mbuzi kwa Camille wakiwa wamefungwa kamba mpya.

Baada ya hapo mambo yalikuja madogomadogo. Kwenye Misa, wakati wa kutakiana amani, watu wa benchi lake waligeukia upande mwingine, wakapeana mikono, wakakaa. Fundi viatu wa siku zote alikuwa "na kazi nyingi." Yolande mwenyewe alipokutana naye kisimani aliinamisha uso na kupita, na miezi miwili baadaye naye akatoweka na watoto. Jumapili za mpira, Camille alipogusa mpira uwanja ulinyamaza, na alipouachia kelele zikarudi. Wenzake walimpigia pasi pale tu ambapo hapakuwa na njia nyingine. Alicheza hivyo mechi nane. Baada ya ile ya nane alivua viatu, akaviweka kwenye mfuko, na hakurudi. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Hakuna aliyekuja kumuuliza kwa nini.

Padri mmoja alimtafutia kazi Lwiro, kwenye kituo cha utafiti. Alifyeka nyasi, alizibua mifereji, alifagia majani kwenye njia za majengo yale makubwa ya Wabelgiji ambayo wakati huo yalikuwa na watafiti wachache sana. Alipewa chumba chenye jiko. Kulikuwa na siku alizomaliza bila kusema neno hata moja, na jioni alikohoa kidogo ili ajue kama sauti bado ipo. Aliamka na baridi ya mlima, alikunywa chai ya rangi, alitazama mlima Kahuzi ukitoka kwenye ukungu. Msitu ule ulianzia pale. Mara kwa mara alihesabu ni siku ngapi za miguu mpaka Bunyakiri, lakini barabara ilikuwa na watu wenye silaha, na kaburi la mama hakuliona.

Mwaka 2003 viongozi wa pande zote walitia sahihi, na nchi ikashonwa tena. Ndege za Kinshasa zikarudi Kavumu. Camille alizisikia zikipita alipokuwa akifagia. Siku moja ya kiangazi, saa nne asubuhi, alisikia mtu akiimba kwenye njia ya miti, vibaya, kwa sauti kubwa. Akaegemeza fagio ukutani.

Raphaël alikuwa amekonda na meno mawili hayapo. Hakusalimu. Alimshika Camille mabega yote mawili na kumtikisa kama mtu anayetikisa mti.

"Mulinzi aliniambia mulangoni, ile siku natoka," alisema. "Alisema, capitaine yako amekuchezea match juu utoke. Nilitaka kuja kwako ile ile saa. Yolande akanikamata shati. Akasema, ukienda kwake, askari batajua siri imetoka."

"Alisema vizuri."

"Miaka mitatu kule kambini Kigoma, Camille! Miaka mitatu niko nasema, yeye anafikiri nini juu yangu?"

Camille alimweleza kwa maneno machache mambo ya Nguba. Walikaa kwenye ngazi za jengo mpaka jua likageuka, Raphaël akizungumza kwa wote wawili.

Jumapili iliyofuata Raphaël aliomba ruhusa ya padri, akasimama mbele ya Wakristo wa Bagira, akasema yote: jeep, kamanda, masharti. Camille hakuwapo, aliambiwa. Baadaye watu walianza kuja Lwiro. Steve alikuja na kuku. Fundi viatu alikuja. Muzee Jean-Marie hakuweza kuja, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, bila kujua. Wageni walimshika Camille mkono kwa muda mrefu mno, wakimtazama machoni, wakingoja aseme jambo fulani. Hakulijua. Aliwapikia chai, akawasindikiza mpaka barabarani, na walipoondoka alikuta amechoka kuliko siku za kufyeka. Wenye timu mpya ya Bagira walimwita awe kocha wa mabeki. Alishukuru, akasema atafikiri, na pande zote mbili zilielewa kwamba hatakwenda.

Mwaka uliofuata papa Jean-Baptiste alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Camille alipanda basi dogo mpaka mjini, akasimama nyuma kabisa ya umati wa mazishi. Christine alikuwa ameolewa Goma. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Watu walipoanza kutawanyika alimwachia dada yake watoto, akamwendea.

"Pole," Camille alisema.

"Asante." Alikuwa amenenepa kidogo, na sauti ilikuwa ileile. "Raphaël alikuja kwa papa kabla hajafa. Papa alilia. Alisema nikikuona nikuombe musamaha, yeye hakuwa tena na nguvu ya kufika Lwiro."

"Haikuwa kosa yake."

Mbele yao wachimbaji walikuwa wakisawazisha udongo kwa migongo ya majembe.

"Lakini mimi," Christine alisema. "Ungeniambia mimi, Camille. Mimi peke yangu."

"Ningekuambia, ungemwambia papa yako."

Christine alifungua mdomo kukataa. Kisha aliangalia lile kaburi jipya, na Camille akaona jinsi alivyorudi nyuma miaka ile yote, akijipima kwa haki.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Ningemwambia."

Alimpa mkono, akarudi kwa watoto wake. Camille alisubiri mpaka gari lao lilipopanda kilima na kupotea, halafu akaenda kutafuta basi la Lwiro. Kulikuwa na nafasi moja ya dirishani. Mvua ilianza kabla ya Kavumu, na abiria wakafunga vioo, wakaanza kuzungumza juu ya bei ya maharagwe. Mzee aliyekaa karibu naye alimuuliza anakwenda wapi.

"Nyumbani," Camille alijibu, na akashangaa kwamba neno hilo lilikuwa la kweli.